Hakuniuliza

Wageni wetu wawili, mume na mke wa makamo, walikaa kwenye tope la Takwa tangu saa tatu na nusu asubuhi mpaka baada ya saa nane mchana. Boti ililala ubavu, mikoko huku na huku, jua la Februari utosini, na chupa za maji zilikwisha mapema. Pondo, mti wa kusukumia boti, haikufaa kitu, kila ikichomwa ilizama. Nahodha wetu alikaa omoni, mbele ya boti, akashusha kofia usoni, akangoja maji yarudi. Niliposimama gatini Shela kuwapokea, yule mama alinipita bila salamu. Mumewe alisimama, akaniambia kwa upole ulioniuma kuliko matusi kwamba nahodha wangu alijua tangu mwanzo kuwa watakwama.

Alijua, ndiyo. Mtoto yeyote wa Lamu anajua. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, huku kwetu hujaa alfajiri na alasiri, na ikifika saa nne, saa tano asubuhi, yamekwisha kupwa. Magofu ya Takwa, ng'ambo kisiwani Manda, huingiwa kwa mkono wa bahari unaopita katikati ya mikoko, na mkono huo bila maji ni mtaro wa tope tu. Safari ya Takwa hupangwa kwa maji, haipangwi kwa saa. Aliyeipanga hii alikuwa kijana wetu mpya wa mapokezi kutoka Nairobi, mwenye wiki tano kazini. Aliandika ubaoni: Takwa, saa moja na nusu asubuhi. Nahodha akasoma, akawasha mashine, akawapeleka.

Jioni nilimwita. Nikamwuliza kwa nini hakumwambia kijana.

"Hakuniuliza," akasema.

Nilidhani ni kiburi. Ilinichukua muda mrefu kujua kwamba jawabu lile halikuwa la kijana peke yake. Lilikuwa langu pia.

Nasimamia nyumba ya wageni ya vyumba vinane pale Shela. Mimi mwenyewe ni mtu wa Langoni, mjini Lamu. Mwenye nyumba anaishi ng'ambo, huja mara mbili kwa mwaka, hasa kaskazi ikivuma na bahari ikatulia. Tulikuwa tisa: mpishi, nahodha na msaidizi wake, wanawake watatu wa vyumba, mhudumu wa meza, mlinzi, na mimi. Mpishi yupo tangu nyumba ilipofunguliwa, 2012. Namwita ami ingawa hatuna damu moja. Marehemu baba yangu na yeye walikuwa wa baraza moja.

Lazima nirudi nyuma kidogo hadi 2020, maana hapo ndipo deni lilipoanza, na mimi sikujua kuwa ni deni. Machi mwaka ule ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa, zikaruhusiwa tena mwanzo wa Agosti, lakini kwetu wageni hawakurudi kwa maana ya kurudi mpaka mwaka uliofuata. Niliwakusanya uani, nikawaambia mwenye nyumba ameamua nusu mshahara. Hakuna aliyebisha. Nusu ile ililipwa kwa miezi mingi. Na ami, ambaye hakuwa na wa kumpikia, alikuwa akija kwa miguu kutoka mjini, mwendo wa karibu saa nzima kupitia ufukweni, mara tatu kwa wiki, kufungua madirisha na kumwagilia mimea. Nyumba ya mawe na chokaa ikifungwa muda mrefu huota ukungu, na yeye hakutaka iote. Hakuna aliyemtuma. Nami nilimwona, nikamwitikia salamu, nikapita.

Mwaka 2022 kazi ikarudi kwa kishindo. Watu siku hizi huweka nafasi kwa mtandao, na mimi nilikuwa nikijibu ujumbe saa saba za usiku. Mwenye nyumba akasema tutafute mtu aliyesomea kazi hiyo. Tukampata kijana, ana stashahada ya hoteli, ana Kiingereza na Kifaransa kidogo, mpole, na mwanzoni mwa mwaka uliofuata akawa tayari kuanza. Sina neno baya juu yake hata leo.

Siku anayofika ndipo nilipowaambia wenzangu. Ndiyo, siku hiyohiyo. Na tazama nilivyosema. Asubuhi nikapita jikoni na gatini nikasema, "Leo kuna mgeni, anakuja na ndege ya mchana. Nahodha, nenda Manda ukampokee."

Nahodha akaenda uwanja wa ndege kumpokea mgeni. Akavaa shati jeupe la kazi, akabeba taulo baridi na maji ya madafu, akamwamkia kwa heshima zote, akachukua sanduku lake begani hadi botini. Katikati ya mkondo, akamwuliza kama ni mara yake ya kwanza Lamu na atakaa siku ngapi. Kijana akajibu kwamba amekuja kuanza kazi.

Kisa hicho kilifika mjini kabla ya boti kufunga kamba Shela. Kwa wiki nzima, nahodha akipita mitaani, watu wakimwuliza kama bado ana taulo baridi.

Kosa la pili lilifuata usiku uleule. Nilitaka kijana ajisikie nyumbani, nikamwomba ami apike biriani ya kumkaribisha. Akapika, na ilikuwa biriani. Tukala, nikatoa maneno mawili matatu. Sikukumbuka kwamba mwaka uliokwisha ami alitimiza miaka kumi katika nyumba ile, na siku hiyo ilipita kama Jumanne yoyote. Yeye alikumbuka. Alisimama mlangoni mwa jiko na kitambaa begani, akitutazama tukila.

Yaliyofuata yalikuwa madogomadogo. Ufunguo wa stoo ukawa hauonekani kijana anapouhitaji. Mgeni wa chumba cha juu asiyekula pweza akaletewa pweza, kwa kuwa aliyejua hakusema. Na Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, kikaanza kusemwa kwa nguvu. Sisi tunaojuana tulikuwa tunakichanganya na Kiswahili cha kawaida kazini, lakini ghafla kila mtu akawa anasema kama bibi zake. Siku moja nahodha akiwa gatini alimwita kijana kwa sauti, "Ndoo!" Kwetu ndoo ni njoo. Kijana akakimbia ndani, akarudi na ndoo mbili, moja ya bluu, moja nyekundu, akauliza ni ipi. Nilicheka nami. Nakiri. Ilikuwa ni kichekesho mara ya kwanza. Ilipofika mara ya sita, watu wakimwita makusudi mbele ya wageni, ilikuwa kitu kingine, na mimi bado nilikuwa natabasamu.

Tena haikuwa wakati mwema wa kuleta mtu wa bara kimyakimya. Gati la kwanza la bandari mpya kule Kililana lilizinduliwa Mei 2021, na tangu hapo mabarazani Lamu mazungumzo yalikuwa nani ataajiriwa na nani atatazama. Vijana wa nyumba hizohizo walizotoka wafanyakazi wangu walikuwa wakingoja. Mimi niliona nimeajiri mtu wa mapokezi. Wao waliona habari ile ya barazani imeingia mlangoni mwao, imebebewa sanduku.

Kisha likaja la mshahara. Waajiri wengi hudhani mshahara ni siri. Labda mji mkubwa. Huku watu wanakaa dakani, kibarazani mlangoni mwa nyumba, baada ya chakula cha usiku, na nahodha alimwuliza kijana waziwazi, "Wakulipa ngapi?" Kijana amelelewa kujibu wakubwa. Akajibu elfu arubaini. Ami alikuwa akipata elfu ishirini na sita.

Na bakshishi. Tuna kisanduku cha bakshishi, hufunguliwa mwisho wa mwezi na kugawanywa sawa. Mwezi wa Desemba fungu la mtu linaweza kushinda nusu ya mshahara wake. Kugawanya kwa tisa na kugawanya kwa kumi si kitu kimoja, na hakuna aliyewauliza kama wanakubali mtu wa kumi aingize mkono. Mimi niliyeshika kikokotoo sikuona hata kama pana la kuuliza.

Kwa kuwatuliza, nikaongeza kosa ambalo mpaka leo ndilo naliona kubwa zaidi. Manung'uniko yaliponifikia nilisema, "Jamani, mwacheni, yuko kwenye majaribio ya miezi sita." Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inaruhusu hivyo, miezi sita, na kuongeza kwa makubaliano isizidi sita mingine. Nilidhani nawaomba subira. Wao walisikia kwamba huyu anaweza kufeli, na kwamba wao ni sehemu ya wasahihishaji. Takwa ulikuwa mtihani. Nahodha alimtungia kijana swali moja, akakaa omoni kungoja jawabu lake.

Baada ya Takwa tuliwarudishia wale wageni pesa za usiku mbili. Mimi, kwa hasira, nikamwandikia nahodha barua ya onyo, yenye muhuri. Akaisoma kwa utaratibu, akaikunja mara nne.

"Miaka tisa," akasema, "hii ndiyo barua yangu ya kwanza."

Sikuelewa. Usiku ule nilikwenda jikoni kumlalamikia ami, nikitaraji aniunge mkono kama mtu mzima. Alikuwa akikwangua nazi kwa ajili ya asubuhi. Hakuacha.

"Mna karatasi za kumwonya mtu," akasema, "hamna za kumwajiri."

Nikanyamaza.

"Kijana yule amekuja na mkataba kurasa sita. Nimeuona, ameniletea mwenyewe nimsomee neno la kisheria, akidhani mimi ninao kama wake. Mimi nina miaka kumi na moja na sina hata kipande. Mwanangu, mimi sina neno na kijana. Nina neno nawe."

Nilikwenda kukagua faili, ingawa nilijua nitakachokuta. Kati ya wale wakongwe, wawili tu ndio waliokuwa na barua ya ajira. Wengine walianza kwa mdomo, wakaendelea kwa mdomo. Michango ya NSSF ya uzeeni ilikatwa, mshahara ulilipwa, na sote tukaona inatosha. Sheria ile ile niliyoitumia kuwatuliza inasema mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe kwa maandishi, na mwenye wajibu wa kuuandaa ni mwajiri. Yaani mimi. Kijana aliandikiwa kwa sababu mwenye nyumba alitumia fomu ya wakili. Wazee hawakuandikiwa kwa sababu walikuwa wetu.

Barua ya onyo niliifuta. Wengine walinishauri nisiifute, kwamba nitaonekana dhaifu, na hapo nasema wazi: alichofanya nahodha kilikuwa kibaya, wale wageni hawakumkosea, mtu mwenye maradhi ya moyo angeweza kufia pale. Nilimwambia hivyo uso kwa uso, naye akakubali, akasema alihesabu watakaa saa mbili, si karibu tano. Lakini siwezi kumpa mtu karatasi ya kwanza ya maisha yake ya kazi ikawa ile. Tulianza upya kwa mikataba. Kila mmoja wake, kwa Kiswahili, na tarehe halisi aliyoanza kazi, si tarehe ya siku ya kusaini. Hilo la tarehe ami alilisimamia yeye. Alikuja na siku na mwezi wake kichwani.

Mshahara ulikuwa mgumu zaidi. Sheria inadai malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, lakini ukianza kupima jiko na mapokezi kwa mizani hiyo mtakesha. Nilimpigia simu mwenye nyumba, nikamwuliza swali moja tu: ami akiondoka kesho, tutampata mpishi kama yeye kwa kiasi gani? Nilikwisha kuulizia kwa majirani. Karibu elfu arubaini. Kumbe elfu ishirini na sita haikuwa bei ya kazi yake, ilikuwa bei ya yeye kutokuwa na mpango wa kuhama. Mwenye nyumba alinyamaza kwa muda. Tukapandisha kwa awamu mbili, Julai na Januari, ami na nahodha kwanza. Wanawake wa vyumba walipata kidogo, na mmoja wao aliona ni kidogo mno, akahamia nyumba nyingine hukuhuku Shela. Simlaumu.

Bakshishi ikawa kwa siku ulizofanya kazi. Kijana mwenyewe akasema asihesabiwe mpaka amalize miezi mitatu. Mimi nilitaka kukataa, nahodha akasema, "Mwache, amesema la maana," na kwa mara ya kwanza nikasikia amemtaja bila kejeli.

Na ubao wa safari. Hakuna safari ya boti inayothibitishwa bila nahodha kuweka alama yake pembeni. Nilidhani atalichukulia kama mzigo. Siku ya tatu alikuja na kalenda ya mwezi aliyoichora mwenyewe, bamvua kwa wino mwekundu, maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, kwa buluu, akaibandika juu ya meza ya kijana. Hakusema neno. Kijana anaitumia mpaka leo, na nimemsikia akiwaeleza wageni kwa Kifaransa kwa nini Takwa leo haiendeki.

Mwaka uliofuata tulihitaji msaidizi wa jikoni. Nilikuwa na hofu kuliko mara ya kwanza, maana sasa nilijua. Nilingoja msimu wa masika, nyumba imefungwa na mvua inanyesha, nikaenda kwa ami nyumbani kwake miezi miwili kabla, na tende na kahawa. Nikamweleza. Alichouliza kwanza hakikuwa nani wala lini.

"Ukishampata wa kunisaidia, mimi nafanya nini?"

Ndilo swali lenyewe, hilo. Msaidizi wa leo ni mrithi wa kesho, kila mpishi anajua. Sikumwambia asiogope. Nilikuwa nimebeba karatasi, nikamsomea: kazi yake na cheo chake havibadiliki, saa zake hazipungui, likizo yake ya siku ishirini na moja ambayo kwa miaka alikuwa anakula nusu sasa ataichukua yote kwa kuwa kuna wa kumshikia. Na kama siku moja nafasi yake itafutwa, sheria inataka notisi ya mwezi na malipo ya siku kumi na tano kwa kila mwaka aliotimiza. Alihesabu kwa vidole. Akauliza kama miaka ya nusu mshahara nayo inahesabiwa. Nikasema inahesabiwa kama miaka mizima. Akanywa kahawa.

Uchaguzi nilimwachia yeye. Walikuja wawili, mvulana wa mjini na binti wa Faza. Sikuona kama ameonja hata chakula chao sawasawa. Alimpa kila mmoja changu mzima na nazi moja, akaketi kwenye kibao akiangalia mikono. Baadaye akasema binti. Nikamwuliza kwa nini. Akasema yule mwingine anapika vizuri zaidi lakini kisu akikiweka, anakiweka makali juu.

Kuja kwa binti nilikusema gatini, mbele ya wote, siku kumi kabla na tena asubuhi ya kufika kwake: "Mfanyakazi mwenzetu anakuja." Nahodha akaniangalia, akacheka peke yake, akaenda Mokowe kumchukua bila taulo. Karamu haikuwepo. Tulikula wali wa nazi na samaki kama siku zote, na ami ndiye aliyempakulia.

Mlinzi wetu ndiye ambaye sijamweza. Yeye alipata mkataba, alipata nyongeza yake, na hana ugomvi na mtu. Lakini tangu siku ile ya sanduku na taulo baridi, kijana akirudi usiku kutoka mjini, mlinzi humfungulia mlango, humjibu salamu, na huenda kukaa upande wa pili wa daka mpaka amepita. Nimemwuliza mara mbili kuna nini. Mara zote mbili amesema hakuna. Kijana ameanza kurudi mapema.